Sura ya 4: Suti Hii ni ya Wapi?

Swali hili huulizwa kila mahali suti zinapouzwa. Huulizwa Kariakoo, Gikomba na kwenye vibanda vya mitumba vya Karume, na huulizwa kwa fundi cherehani wa mtaani siku bwana harusi anapokwenda kupimwa. Muuzaji anasema, "Hii ni ya Kiitaliano, kaka." Wa jirani anasema yake ni ya Uingereza, na bei inapanda papo hapo. Mnunuzi anaigeuza ndani nje, anatafuta lebo, anakuta jina lililotariziwa kwa uzi wa dhahabu, na anabaki palepale alipokuwa. Suti zote mbili zina vifungo viwili. Zote ni za bluu iliyokolea. Sasa huo Uingereza umekaa wapi, na huo Uitalia uko upande gani wa koti?

Uko begani. Ndiyo sehemu ya kwanza ambayo mafundi wa kila nchi waliamua kuishona kwa namna yao, na wakishaamua kuhusu bega, kifua hufuata, kisha kiuno, kisha mgongo. Lebo hubandikwa mwisho na mtu yeyote anaweza kuichapisha. Bega halichapishwi. Msomaji atakayeimaliza sura hii ataweza kulitazama koti lolote, hata lisilo na lebo, na kusema kwa haki limetokana na mila ya wapi.

Kilichofichwa kati ya kitambaa na bitana

Kabla hatujasafiri, tufungue koti moja. Nje kuna kitambaa chenyewe, mara nyingi sufu. Ndani kuna bitana, kile kitambaa chepesi kinachoteleza ili mkono uingie bila kukwama. Katikati, mahali mnunuzi asipopaona, kuna kanvasi: kitambaa kikavu, kigumu kidogo, kilichofumwa kwa pamba au sufu pamoja na singa za farasi. Singa hizo zikikunjwa hurudi zilivyokuwa, ndiyo maana kifua cha koti zuri hakisinyai hata likivaliwa miaka kumi.

Fundi huishikiza kanvasi kwenye kitambaa kwa mishono midogo ya mkono, mamia kwa mamia, huku akikikunja kitambaa juu ya kidole chake ili ukosi wa kifuani uzoee kulala upande unaotakiwa. Ukosi wa kifuani ni ile sehemu ya mbele inayogeuzwa nje, kuanzia shingoni hadi kifungo cha juu. Kazi hiyo inakula saa nyingi. Viwanda vya bei nafuu havina saa hizo, basi hutumia kitambaa chenye gundi, hukibandika kwa joto, na koti linakwisha. Koti la gundi si haramu, na limewavalisha watu wengi wasioweza kulipia kanvasi. Ila likifuliwa na kupigwa pasi kali mara nyingi, gundi huachia na kifua hutoa malengelenge, na hakuna fundi awezaye kuyaondoa.

Kulitambua ni rahisi. Shika upande wa mbele wa koti kwa vidole viwili, chini ya tundu la kifungo cha mwisho. Vuta kitambaa cha nje huku, cha ndani kule. Ukihisi kitu cha tatu kinacheza katikati, kanvasi ipo. Ukihisi ubao mmoja, ni gundi. Jaribu tena kifuani, kwa sababu yapo makoti yenye kanvasi ya juu tu na gundi chini, na hayo ni ya wastani mzuri.

Begani kuna pedi, yaani tabaka za pamba zilizoshikizwa pamoja. Na pale mkono unapoungana na bega huwekwa utepe mnene wa pamba au sufu, unaoweza kuuinua mkono kidogo ukafanya kama kituta. Pedi, utepe huo na kanvasi ndizo nyenzo tatu ambazo nchi mbalimbali zimezitumia kwa wingi, kwa uchache, au zikazitupa kabisa.

Kwa hiyo kila koti utakalokutana nalo, liulize hivi:

1. Bega limejazwa, au limeachwa lifuate mwili?
2. Kifua ni kigumu, au kina nafasi ya kitambaa kinachoanguka kwa ulaini?
3. Kiuno kimebanwa, au koti linashuka moja kwa moja?
4. Nyuma kuna mipasuo mingapi: hakuna, mmoja, au miwili?

London: jeshini, juu ya farasi, na Mholanzi mmoja

Savile Row ni mtaa mfupi katikati ya London, na jina lake limekuwa karibu sawa na kushonesha suti kwa kipimo. Henry Poole, ambaye wengi humtaja kama mwanzilishi wa sifa ya mtaa huo, alifungua mlango wake upande wa Savile Row mwaka 1846. Lakini mizizi ya mtindo wenyewe iko kambini. Nyumba ya Gieves & Hawkes, iliyokaa namba 1 ya mtaa huo kwa miaka mingi, ilitokana na mafundi wawili tofauti. Hawkes, aliyeanza mwaka 1771, alijulikana kwa sare za jeshi la nchi kavu. Gieves, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1785, ilijulikana kwa sare za wanamaji.

Fikiria alichotaka afisa. Hakuhitaji nguo ya kupumzikia. Alihitaji nguo itakayomfanya aonekane amesimama wima hata akiwa amechoka, yenye mabega ya mraba, kifua kilichojaa na kiuno kilichobanwa. Mafundi waliojifunza kushona hivyo hawakuweza kusahau siku walipoanza kuwashonea mawakili na wenye benki. Ndipo tukapata koti la Kiingereza la aina ya kwanza: pedi ipo na inaonekana, kanvasi ni nzito, kiuno kimekatwa juu kidogo, na pindo la koti linafunguka kidogo chini ya nyonga.

Farasi naye aliacha alama yake. Mipasuo ya nyuma ilihitajika ili mtu akikaa kwenye tandiko koti lisijikunje. Nyumba ya Huntsman, iliyoanza mwaka 1849, ilijulikana kwa nguo za kupandia farasi na kuwinda, na hadi leo koti lake linalotambulika ni la kifungo kimoja, refu kidogo, lenye bega imara. Hali ya hewa ilikamilisha kazi. Viwanda vya kaskazini mwa Uingereza, hasa Huddersfield, vilifuma sufu nzito, na zamani kitambaa cha gramu 500 kwa mita kilikuwa cha kawaida kabisa kwa suti. Leo suti nyingi hushonwa kwa gramu 250 hadi 300. Kitambaa kizito kina hisani yake: kinaning'inia vizuri na hakikunjamani ovyo. Fundi wa London alikuwa na kitambaa kinachomtii.

Hapo wengi huishia. Husema suti ya Kiingereza ni ngumu, wakafunga mjadala. Lakini mtaa huohuo ulizaa kinyume chake, na kwangu mimi hicho ndicho kisa kitamu kuliko vyote katika historia ya suti.

Frederick Scholte alikuwa fundi mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi London. Alitazama makoti marefu ya maofisa wa kikosi cha walinzi wa mfalme, akaona kwamba yalipofungwa mkanda kiunoni, kitambaa kilijaa kifuani na mgongoni kikafanya mikunjo laini ya wima. Mvaaji alionekana mpana wa kifua bila pedi yoyote. Scholte akaleta wazo hilo kwenye suti ya kiraia: akaacha kitambaa cha ziada kifuani na kwenye mbavu za nyuma, akapunguza pedi, akalainisha kanvasi. Kisha akafanya jambo ambalo watu hawalisemi vya kutosha. Akakata tundu la mkono likawa dogo na likapanda juu karibu na kwapa.

Hili lieleweke vizuri, maana linamhusu kila mwalimu anayeandika ubaoni na kila mhubiri anayeinua mikono. Tundu la mkono likiwa kubwa na limeshuka, ukiinua mkono koti zima linapanda nawe na kola inaachana na shingo. Likiwa dogo na la juu, mkono unakwenda peke yake na koti linabaki mahali pake. Wengi hudhani tundu kubwa ndilo linalompa mtu uhuru, na ni kinyume chake.

Mteja mashuhuri wa Scholte alikuwa Edward, mwana wa mfalme, yule aliyekuja Kenya na Tanganyika kuwinda mwaka 1928, akawa Mfalme Edward VIII, akaacha kiti mwaka 1936 na kuitwa Duke wa Windsor. Alishonewa makoti na Scholte kwa miongo minne hivi. Suruali je? Alitaka za Kimarekani, za kuvaliwa na mkanda, na Scholte hakutaka kabisa kuzishona. Basi makoti yakawa yanashonwa London na suruali zinashonwa New York. Mtu aliyechukuliwa na dunia nzima kama kielelezo cha mvao wa Kiingereza alivaa koti lililokatwa na Mholanzi na suruali iliyotoka ng'ambo ya Atlantiki.

Mwanafunzi wa Scholte, Per Anderson, alikuwa Msweden. Ndiye mwanzilishi wa nyumba ya Anderson & Sheppard, mwaka 1906, inayoendelea kushona kwa mtindo huo laini hadi leo. Na mwaka 1969 kijana Tommy Nutter, pamoja na mkataji Edward Sexton, walifungua duka Savile Row na kurudisha bega kubwa na ukosi mpana wa kifuani. Katika picha ya jalada la albamu ya Abbey Road ya mwaka huohuo, watatu kati ya wanne wa kundi la Beatles wamevaa nguo za Nutter.

*Kwa ufupi:* London ina mila mbili zinazobishana. Moja inamjenga mvaaji kwa pedi na kanvasi nzito. Nyingine inamwachia kitambaa kifuani na kumpandishia tundu la mkono. Zote mbili hubana kiuno, na mara nyingi nyuma huwa na mipasuo miwili.

Italia: miji mitatu, mabega matatu

Muuzaji akikwambia "ya Kiitaliano", muulize: ya Roma, ya Milano, au ya Napoli? Hatajibu, lakini utakuwa umejikumbusha kwamba jina hilo moja limebeba vitu vitatu visivyofanana.

Waitaliano walianza kwa kujifunza kwa Waingereza. Miongoni mwa mafundi inasimuliwa kwamba Domenico Caraceni, kijana kutoka mkoa wa Abruzzo, alizipata suti za London zilizokuwa za mtunzi wa nyimbo Francesco Paolo Tosti, akazifumua mshono kwa mshono ili aone zilivyojengwa, kisha akazirudisha upya kwa wepesi zaidi. Masimulizi ya mafundi huongezewa chumvi kila kizazi, lakini familia ya Caraceni kweli ilikuja kuwa jina kubwa Roma na Milano, na makoti yao yana kiunzi cha Kiingereza kilichopunguzwa uzito.

Roma ilikwenda njia yake. Mwaka 1945, vita vilipokuwa vimekwisha, fundi Nazareno Fonticoli na mfanyabiashara Gaetano Savini walifungua nyumba waliyoiita Brioni. Mwaka 1952 wakafanya maonyesho ya mavazi ya kiume katika jumba la Palazzo Pitti, Florence, jambo ambalo wakati huo lilikuwa geni kabisa, kwani maonyesho ya mavazi yalikuwa ya wanawake. Koti la Roma la miaka ile lilikuwa na bega lililonyooka, kiuno chembamba, pindo fupi, na mara nyingi nyuma halikuwa na mpasuo hata mmoja. Wamarekani waliliona kwenye sinema na likawavutia mno. Hilo ndilo koti ambalo vitukuu vyake vinauzwa leo kwa jina la "slim fit".

Sasa tushuke kusini, Napoli, mji wa bandari wenye joto.

Katika miaka ya 1930, Gennaro Rubinacci, mtu mwenye jicho kali la mavazi, alifungua duka mjini humo. Alilipa jina la Kiingereza, London House, kwa kuwa mabwana wa Napoli walitaka kuvaa kama mabwana wa London. Tatizo lilikuwa jua. Koti lenye pedi, kanvasi nzito na bitana nzima lilikuwa adhabu katika mji ule. Mkataji wake, Vincenzo Attolini, akaanza kuondoa. Aliondoa pedi. Akaondoa sehemu kubwa ya bitana, akabakiza mikononi na sehemu ndogo ya mgongo wa juu. Akaifanya kanvasi kuwa nyepesi. Koti likabaki karibu na uzito wa shati, na bado lilikuwa koti.

Alama yake kuu iko pale mkono unapokutana na bega. Mkono hukatwa mpana kuliko tundu linaloupokea, kisha fundi huuingiza kwa sindano ya mkono huku akigawa ule upana wa ziada, na juu ya bega hubaki vikunjo vidogovidogo. Mtu asiyejua huviona akadhani fundi ameharibu. Hakuharibu. Vikunjo vile ndivyo nafasi ya mkono kusogea. Mfuko wa kifuani hukatwa ukipinda kidogo kwenda juu, kama mashua, na vifungo vya mbele mara nyingi ni vitatu, ila cha juu kabisa hakifungwi kamwe kwa sababu ukosi umepindishwa ukapita juu yake.

Nimeshika makoti mengi ya namna nyingi, na sijaona akili ya fundi ikijibu hali ya hewa kwa uwazi kuliko koti la Napoli. Watoto wa Attolini waliendeleza kazi, na katika mji wa Arzano, jirani na Napoli, Ciro Paone alianzisha Kiton mwaka 1968, akawakusanya mafundi wa mkono chini ya paa moja ili ujuzi usipotee.

Milano iliingia baadaye na kwa njia ya kiwanda. Giorgio Armani alianzisha kampuni yake mwaka 1975, akauchukua wepesi ule wa kuondoa kanvasi na pedi, lakini akashusha vifungo na ukosi, akapanua bega, akatumia vitambaa vinavyoanguka. Filamu ya American Gigolo ya mwaka 1980 iliutangaza mtindo huo duniani.

Kwa hiyo suti iliyobana mapaja, yenye koti linaloishia juu ya makalio na kitambaa kinachong'aa, ambayo madukani kwetu huitwa ya Kiitaliano, haina mwenyewe Napoli wala Milano. Ni mtindo wa kiwanda ulioazima kiuno cha Roma ukaacha ustadi wake. Kijana mwembamba itampendeza kwa muda. Mtu mwenye mapaja na tumbo, aachane nayo.

Marekani: suti ya kila mtu

Mwaka 1818 duka ambalo baadaye lingejulikana kama Brooks Brothers lilifunguliwa New York. Kabla ya karne kufika katikati lilikuwa tayari linauza nguo zilizokwisha kushonwa. Mteja aliingia, akajaribu, akalipa, akaondoka. Ulaya, bwana alishonewa. Marekani ilikuwa nchi ya wahamiaji, umbali mrefu na watu wenye haraka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vikalazimisha sare kwa mamia ya maelfu ya askari, na vipimo vya miili yao vikasaidia viwanda kupanga saizi. Koti alilokuwa amevaa Rais Abraham Lincoln usiku alipopigwa risasi lilitoka kwa Brooks Brothers.

Ukitaka koti moja liwafae watu wengi, huwezi kulibana kiuno. Ndipo lilipopatikana koti la Kimarekani la mwanzoni mwa karne ya 20: bega la asili lisilojazwa, mbele hakuna ile mikunjo iliyoshonwa ya kubana kiuno, koti linashuka moja kwa moja, na nyuma kuna mpasuo mmoja katikati. Vyuo vikuu vya mashariki mwa nchi vililipenda. J. Press ilianza mwaka 1902 New Haven, jirani na Chuo Kikuu cha Yale. Rais akalivaa, karani akalivaa, na mhadhiri akalivaa hadi viwiko vikatoboka.

Lakini Marekani hiyohiyo iliwahi kuwapiga watu kwa sababu ya suti. Vijana weusi na wenye asili ya Meksiko walivaa suti zenye koti refu mno, mabega mapana mno, na suruali pana iliyobanwa kifundoni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali iliwekea mipaka matumizi ya sufu, na kitambaa kingi kikawa kisingizio. Mwezi Juni 1943, Los Angeles, wanamaji walizunguka mitaani wakiwakamata vijana hao, wakiwapiga na kuwavua nguo. Suti ile haikuwa ya taifa kwenye vitabu vya mitindo, lakini ilikuwa ya Kimarekani kama ile ya Yale, na inastahili kutajwa katika ukurasa mmoja nayo.

Koti la Kimarekani huonewa sana kwenye mitumba yetu. Linatundikwa, watu wanalipita, wanasema linapwaya. Likipata mnunuzi, la kwanza analoagiza ni "Fundi, libane." Tafadhali usilibane sana. Kwa kuwa mbele halina mikunjo ya kiuno, ukilibana kwenye mishono ya ubavuni peke yake kitambaa cha mbele huvutika na kutoa mistari. Mtu mwenye tumbo, hasa, hana rafiki mkubwa kuliko koti hili.

Paris na Tokyo, kwa haraka

Paris ilipata sauti yake kwa msaada wa Waitaliano. Familia ya Cifonelli ilitoka Roma na kufungua nyumba Paris mwaka 1926. Utalitambua koti lao kwa kituta kinachoinuka juu ya mkono, mahali pa kuungana na bega. Bega lenyewe halina pedi nyingi, ule utepe tu ndio umefanya kazi.

Japani ilijifunza kwa Marekani. Kensuke Ishizu, kwa kampuni yake ya VAN Jacket, aliwavalisha vijana wa Japani nguo za wanafunzi wa Yale na Harvard, na mwaka 1965 kitabu cha picha kiitwacho Take Ivy kikawaonyesha Wajapani wanafunzi hao walivyovaa. Wamarekani walipoisahau mila yao, Wajapani waliendelea kuishona kwa uangalifu mkubwa.

Huku kwetu

Upande wa Kongo suti imekuwa jambo la heshima na hata la upinzani. Rais Mobutu wa Zaire (Kongo ya Kinshasa) alipozuia suti na tai katika miaka ya 1970 na kuleta vazi la abakosi, koti la kufungwa juu bila tai, kuvaa suti ya Paris kukawa kauli. Vijana wa sape, yaani wapenda mavazi ya madaha, wa Kinshasa na Brazzaville, na mwanamuziki Papa Wemba akiwa mbele, waliligeuza vazi kuwa sanaa yenye kanuni. Mojawapo ni kutovaa zaidi ya rangi tatu kwa wakati mmoja. Tai iliruhusiwa tena mwaka 1990.

Huku mashariki tuna Kaunda suti, yenye jina la rais wa kwanza wa Zambia, Kenneth Kaunda. Haina tai, ina mifuko ya kubandikwa, na mara nyingi ina mikono mifupi. Ifungue ndani utakuta karibu hakuna kitu. Hakuna pedi, kanvasi ni kidogo au haipo, na bega limeshonwa kama la shati. Hilo ni jibu lilelile la Attolini kwa swali lilelile la jua, nalo lilipatikana kwa mafundi wetu bila kupita Napoli. Mwezi Novemba 2023, Spika wa Bunge la Kitaifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku Kaunda suti bungeni, wakati Rais William Ruto akiwa amelizoeza taifa kumwona akiivaa. Kwa maoni yangu marufuku ile haikulitendea haki vazi hili. Ukilipima kwa ustadi na kwa hali ya hewa, ni mila kamili ya ushonaji kama zile tulizozipitia.

Uchague ipi?

Anza na mwili wako. Mabega yako yakiwa yameshuka au membamba, bega la London lenye pedi litakusaidia, na hakuna aibu ndani yake. Yakiwa mapana kwa asili, pedi itakufanya uonekane umebeba kitu, basi nenda kwenye bega laini la Napoli au la Marekani. Tumbo likiwepo, koti linaloshuka wima. Kazi yako ikiwa ya kuinua mikono, tafuta tundu la mkono lililopanda juu, lilikotoka haidhuru.

Kisha tazama unakoishi. Dar es Salaam, Mombasa, Unguja na Bujumbura zinataka koti lenye bitana nusu na kitambaa kinachopitisha hewa. Sufu iliyosokotwa sana na kufumwa kwa uwazi hupitisha hewa vizuri, na ni bora kuliko polyesta nyepesi inayofungia jasho ndani. Kitani ni kizuri ukikubali kwamba kitakunjamana, na kwa kweli kikikunjamana kinapendeza. Nairobi, Arusha na Mbeya zinaweza kubeba kitambaa cha Kiingereza cha gramu 300 bila taabu, hasa asubuhi za mwezi Julai.

Ukinunua mtumba, jua kinachorekebishika:

- Urefu wa mikono na wa suruali: rahisi.
- Kiuno cha koti: inawezekana kwa kiasi.
- Urefu wa koti: kidogo sana, vinginevyo mifuko inabaki chini mno.
- Bega: kazi ngumu na ghali, na mafundi wengi wazuri wataikataa.

Kwa hiyo vaa koti, simama kawaida, usivute pumzi. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega lako unapoishia. Kola ikae shingoni bila kuachia nafasi. Hayo mawili yakikubali, mengine yote fundi wako anaweza. Yasipokubali, lirudishe kwenye hanga hata kama lebo inasema Savile Row. Na ukienda kushonesha, usimwambie fundi akushonee "ya Kiitaliano". Mwambie unataka pedi au hutaki, bitana nzima au nusu, mipasuo mingapi, na umwombe akufanyie jaribio la kwanza koti likiwa limeshikizwa kwa uzi mweupe wa muda, kabla mikono haijashonwa moja kwa moja, maana bega likishafungwa, kulifungua tena ni kuanza koti upya.